Ndovu wa Ukutani na Ndovu wa Shambani

Mwanadamu ana desturi ya kuazima majina ya wanyama na kuyatundika juu ya milango yake. Mwenye duka hujiita simba apate kuogopwa na washindani wake. Mwenye gari huandika chui ubavuni mwa gari lake apate kusifiwa kwa mbio. Na mwenye mkahawa huchora ndovu ukutani ili wapitao wajue kuwa ndani mna shibe. Desturi hii haina ubaya. Jina ni pambo, na pambo ni haki ya kila mtu atafutaye riziki kwa njia ya halali. Walakini yako mambo ambayo mtu huyatazama kila siku bila kuyafikiri, na siku ayafikiripo huona haya. Kwangu mimi mojawapo ni picha ya ndovu. Nataka kukusimulia, msomaji wangu kijana, jinsi haya hiyo ilivyonipata.

Nilipotoka chuo cha ualimu nilipewa kazi katika shule moja ya sekondari iliyo nje kidogo ya mji wa Meru, upande unaopakana na Msitu wa Imenti. Ardhi ya huko ni nyekundu na ina rutuba, mvua hunyesha misimu miwili kwa mwaka, na migomba, mahindi, maharagwe na viazi husitawi vizuri. Kila Jumamosi nilikwenda mjini kununua mahitaji yangu, na kabla ya kurejea nilipumzika katika mkahawa mmoja mdogo. Ukutani palichorwa ndovu mkubwa wa rangi ya majivu, mkonga juu, pembe nyeupe kama maziwa, na nyuma yake Mlima Kenya na theluji yake. Chai ya hapo ilikuwa nzito, mandazi yalikuwa ya moto, na mwenye mkahawa alikuwa mtu mchangamfu. Nilimpenda ndovu yule. Hakupiga kelele, hakula kitu, wala hakuomba nafasi zaidi ya ile aliyopewa na mchoraji.

Nilidhani mapenzi ya namna hii ni yetu peke yetu, mpaka niliposoma habari za miji ya watalii huko Marekani. Uko mji mdogo uitwao Gatlinburg, katika jimbo la Tennessee, ulio mlangoni pa hifadhi ya milima ya Great Smoky Mountains. Huko hakuna ndovu. Wako dubu weusi. Dubu ni mnyama mzito mwenye manyoya mengi, ambaye hayumo katika mapori ya Afrika ya Mashariki. Katika mji huo jina lake limeandikwa juu ya maduka na mahali pa kulia, sanamu zake za mbao zimesimamishwa milangoni, na sura yake imepigwa chapa juu ya fulana na vikombe. Na wakati mgeni anapolipia kikombe chenye picha ya dubu, dubu wa kweli huweza kuteremka kutoka milimani na kupita barabarani akitafuta mabaki ya chakula katika mapipa ya takataka. Watu hutoa simu zao wakampiga picha. Wakuu wa hifadhi huwaonya wasimkaribie wala wasimlishe, kwani dubu aliyezoea chakula cha watu hupoteza hofu, na dubu aliyepoteza hofu aghalabu mwisho wake ni kuuawa. Niliposoma hayo nilicheka, nikasema kuwa watu hawa hupenda picha ya dubu kuliko dubu mwenyewe. Sikujua kuwa nilikuwa ninajicheka.

Maana sisi nasi tumemweka ndovu kila mahali. Toa sarafu ya shilingi 20 mfukoni mwako uitazame. Sarafu zilizotolewa mwaka 2018 zina twiga juu ya shilingi 1, kifaru juu ya shilingi 5, simba juu ya shilingi 10, na ndovu juu ya shilingi 20, ambaye ndiye mwenye thamani kubwa kuliko wenzake. Duka kubwa la Nakumatt, ambalo lilianza Nakuru kwa kuuza magodoro, lilikuwa na ndovu katika alama yake, ingawa godoro na ndovu havina udugu wowote. Ndovu huyo alipamba milango ya matawi yake katika miji mingi mpaka biashara yenyewe ilipoanguka, na mwaka 2020 ikafikia mwisho wake. Hata bia maarufu ya nchi hii, ambayo siitaji ili kukushawishi uinywe, iliitwa Tusker, yaani ndovu mwenye pembe kubwa, baada ya George Hurst, mmoja wa waanzilishi wa kiwanda chake, kuuawa na ndovu mwaka 1923. Hivyo ndivyo mnyama aliyemwua mtu alivyogeuzwa kuwa alama ya kumvutia mnunuzi.

Sasa nirudi shuleni kwangu. Katika mwaka wangu wa tatu wa kufundisha niliwapa wanafunzi wa kidato cha pili insha juu ya faida za wanyamapori katika nchi yetu. Nilijua majibu niliyoyataka: watalii, fedha za kigeni, kazi kwa vijana, fahari ya taifa. Wanafunzi wengi waliniandikia hayo hayo, nami nikawapa alama nzuri. Mwanafunzi mmoja aliandika nusu ukurasa tu. Alisema kuwa ndovu ana faida kwa mwenye hoteli na kwa serikali, lakini nyumbani kwao ana faida moja, nayo ni pale anapoondoka. Nilimpa alama 7 katika 20, nikaandika kwa wino mwekundu kuwa ametoka nje ya mada.

Mvulana huyo hakuwa na sifa njema kwangu hata kabla ya hapo. Alikuwa na tabia ya kusinzia katika somo la kwanza la asubuhi, nami nilikuwa na tabia ya kumsimamisha nyuma ya darasa ili usingizi umtoke. Alisimama bila ya kunijibu neno. Kimya chake nilikihesabu kuwa kiburi.

Muhula wa pili ulipokaribia kwisha, mahindi yakiwa yamekomaa, hakuonekana shuleni siku tatu. Jumamosi ile sikwenda mjini, nilikwenda kwao. Aliishi na nyanya yake katika shamba dogo lililo karibu kabisa na ukingo wa msitu. Nilimkuta mwanamke huyo mzee ameinama, akiokota magunzi yaliyobakia na punje. Mahindi yalikuwa yamelazwa chini kama mkeka. Migomba ilikuwa imechanwa tangu juu hadi shina, nyuzi zake zikining'inia. Tangi la maji lilikuwa limepasuliwa. Katika udongo mliachwa alama za nyayo, kila moja pana kama karai, na mvua ya usiku ilikuwa imezijaza maji.

"Karibu, Mwalimu," akaniambia. "Umekuja kumchukua mtoto?"

"Nimekuja kujua hali yenu, Nyanya."

"Amelala. Mwache alale kidogo. Amepiga debe usiku wote mpaka alfajiri."

Akashika fimbo yake akanitembeza shambani kama mtu amwonyeshaye mgeni vyumba vya nyumba yake. Hapa, alisema, palikuwa na fedha ya chakula cha shule ya muhula wa tatu. Hapa palikuwa na viatu. Na pale kwenye migomba palikuwa na chakula chetu mpaka Desemba. Nilimwuliza kama amepeleka habari. Akajibu kuwa mwaka uliopita, ndovu walipokula viazi vyake, alikwenda katika ofisi moja mara nne, akajaza karatasi, akaambiwa asubiri. Na bado alikuwa akisubiri. Nikamwuliza kama anawachukia ndovu. Alifikiri kwa muda.

"Simchukii," akasema. "Ana njaa kama mimi. Lakini yeye akila kwangu, mimi nikale kwa nani?"

Sikuwa na jibu, na kwa sababu sikuwa na jibu nilikaa. Majirani walisema kuwa ndovu wakionja shamba hurudi. Usiku ule tulikesha watu saba, tukiwa na moto, kurunzi na madebe matupu. Karibu na saa nane nilisikia tawi likivunjika, kisha kimya, kisha sauti kama ya gunia zito likiburutwa. Sikuona ndovu, niliona sehemu ya giza ikitembea. Mimi niliyekunywa chai miaka mitatu chini ya ndovu, magoti yalinitetemeka nisiweze kuyazuia. Mvulana yule alisimama mbele yangu akapiga debe lake kwa mpigo sawasawa, bila ya haraka, kama afanyaye kazi aliyoizoea. Baada ya muda mrefu giza lile likageuka likarudi msituni. Alfajiri alinawa uso, akaniuliza kwa adabu kama niko salama. Ndipo nilipofahamu kuwa mtoto niliyemsimamisha nyuma ya darasa alikuwa amekwisha simama usiku kucha.

Jumatatu nililisimulia darasa yote niliyoyaona. Nikalichukua daftari lake mbele ya wenzake, nikaifuta alama niliyompa, nikakiri kuwa aliyetoka nje ya mada ni mwalimu. Kukiri kosa mbele ya watoto ni dawa chungu, lakini ni heri kuliko kuzeeka na kosa lenyewe. Tulimsaidia mzee yule kuandika barua nyingine. Mpaka nilipohamishwa kutoka shule ile, hakuwa amelipwa kitu. Jumamosi iliyofuata nilimweleza mwenye mkahawa habari hii nikamwonyesha ukuta wake. Alisikiliza kwa huruma, kisha akasema, "Mwalimu, mimi nauza chai tu." Alisema kweli. Hakuna mtu mmoja ambaye angeweza kubeba lawama hiyo peke yake.

Nilihamishiwa Embu, nikadhani nimeachana na habari za ndovu. Kumbe sivyo. Katika nchi ya Mbeere, penye mito ya Tana na Thiba, iko Hifadhi ya Mwea, yenye kilomita za mraba 42. Hifadhi hiyo ilikadiriwa kuwatosha ndovu 50, lakini kufikia mwaka 2024 walikuwa 156. Nyumba ya watu 50 ikikaliwa na watu 156, baadhi yao watatafuta mlango. Ndovu walitoka, wakaingia katika mashamba ya jirani, na wenyeji wakapata hasara na hofu. Basi mwezi wa Oktoba mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya lilianza kazi ya kuwahamisha ndovu 50 kuwapeleka Hifadhi ya Taifa ya Aberdare. Walilazwa kwa dawa, wakainuliwa kwa mashine, wakapakiwa katika malori. Ndovu mkubwa hula kadiri ya kilo 150 za majani na magome kwa siku. Fikiri mwenyewe gharama ya kumsafirisha mgeni wa namna hiyo. Jambo hili linanifurahisha na kunitia huzuni pamoja. Linanifurahisha kwa kuwa ulinzi ulifanikiwa hata ndovu wakazaana. Linanihuzunisha kwa kuwa gharama ya mafanikio hayo ilianza kulipwa na mkulima, miaka mingi kabla lori la kwanza halijafika.

Na kumhamisha mnyama anayegombana na jirani zake si jambo jipya katika nchi yetu ya Meru. Mwaka 1956 mwangalizi wa wanyama aitwaye George Adamson alimwua simba jike, naye na mkewe Joy wakawalea watoto wa simba huyo. Mmoja wao ni Elsa, ambaye walimrudisha porini katika eneo ambalo sasa ni Hifadhi ya Taifa ya Meru. Joy aliandika kitabu juu yake mwaka 1960, kikasomwa duniani kote, na mwaka 1966 ikatoka sinema. Elsa alikufa Januari 1961, na kaburi lake limo katika hifadhi hiyo. Hata hoteli moja ya watalii iliyojengwa humo imepewa jina lake. Lakini Elsa aliacha watoto watatu ambao hawakuwa wamekwisha jua kuwinda, wakaanza kula mbuzi wa wenyeji. Katika mwaka huo huo wa 1961 walikamatwa wakapelekwa Serengeti, huko Tanganyika. Jina la mama yao linajulikana na wageni wa mbali. Sijaona bango hata moja lenye jina la mwenye mbuzi.

Usidhani kuwa nayasema haya ili nimlaumu mnyama. Ndovu hakuja mjini. Mji ndio uliokwenda njiani mwake. Kabla ya barabara na mashamba, ndovu walipanda na kushuka kati ya misitu ya Mlima Kenya na nyika za chini kwa kufuata mvua, na mama huwafundisha wanawe njia hizo kama mzee awafundishavyo vijana mipaka ya ukoo. Tulipoikata njia, ndovu hakupewa habari. Wala simlaumu mkulima, ambaye naye alitafuta mahali pa kulima akapata hapo. Kosa haliko kwa mwenye njaa wa kwanza wala wa pili. Liko kwetu sisi tulioshiba katikati yao, tukasifu picha bila ya kuuliza nani anamlisha mwenye picha.

Dawa zipo, na baadhi yake zimekwisha jaribiwa. Mwanzoni mwa mwaka 2011 ilifunguliwa njia ya ndovu ya urefu wa kadiri ya kilomita 14, inayounganisha msitu wa Mlima Kenya na msitu wa Ngare Ndare na hifadhi ya Lewa. Wenye mashamba makubwa walitoa ardhi, na chini ya barabara kuu iendayo Nanyuki kutoka Meru pakajengwa pango la kupitia. Watu walitilia shaka kama ndovu watakubali kupita chini ya magari. Ndovu dume akapita katika siku za mwanzo, na wengine wakamfuata. Huko Sagalla, karibu na Voi, wakulima wamezungushia mashamba yao mizinga ya nyuki iliyoungwa kwa waya; ndovu akiugusa waya, mizinga hutikisika, nyuki hutoka, na mnyama huyo mkubwa hukimbia mdudu mdogo. Tena mkulima hupata asali. Na sheria ya mwaka 2013 iliweka kuwa mtu akiuawa na mnyamapori jamaa zake walipwe shilingi milioni 5, na aliyeharibiwa mazao naye afidiwe. Sheria hiyo ni njema. Lakini fidia ikichelewa miaka, mtoto aliyetakiwa kulipiwa chakula cha shule huwa ameacha kuwa mtoto.

Wahenga walisema kuwa wapiganapo tembo nyasi huumia. Mimi nimeona kuwa hata tembo wasipopigana, hata wakiwa wanatembea tu kwa amani wakitafuta chakula, ziko nyasi zinazoumia, nazo ni watu wenye majina. Siku moja baadhi yenu mtakuwa wenye mikahawa na hoteli, wengine mtakaa katika ofisi ambamo karatasi za wakulima huletwa, na wengine, kama mimi, mtashika kalamu yenye wino mwekundu. Mwenye hoteli na akumbuke kuwa sehemu ya faida yake imelimwa na mtu asiyemjua. Mwenye ofisi na aisome karatasi siku iletwapo. Na mwalimu, kabla ya kumsimamisha mtoto anayesinzia, kwanza amwulize usiku alikuwa wapi.

Mkahawa ule wa Meru ungalipo, na mara moja moja nipitapo huko huingia nikanywa chai. Ndovu bado yuko ukutani, mkonga juu. Bado nampenda. Lakini nikilipa, na katika chenji nikapewa sarafu ya shilingi 20, huigeuza upande wenye picha, nikamkumbuka mzee yule na fimbo yake, akinionyesha shambani mahali palipokuwa na viatu.